Vipande Kumi na Vinne vya Koti la Tarishi

Tarishi alikufa Jumamosi alasiri, mbele ya macho ya kila mwenye televisheni na majirani zake wote wasiokuwa nayo. Daraja lilikatika akaenda na maji, yeye na baiskeli yake na mkoba wake wa barua. Jumatatu asubuhi mlinzi wa lango la studio alijikuna kichwa mpaka kofia ikaanguka, maana nje walikuwa wamesimama wanawake kumi na wanne, vitambaa kichwani, sauti chini, sura za msibani.

"Tumekuja kutoa pole," akasema aliyekuwa mbele, mama mnene mwenye mikono iliyozoea kazi.

"Pole ya nani? Hapa hajafa mtu."

"Hajafa mtu? Na Tarishi je, alikuwa mbuzi?"

Mlinzi akaokota kofia yake. Akafanya kile ambacho kila mtu pale studio alikifanya akikwama: akamwita Mama Vifungo.

Mama Vifungo alikuwa mtunza mavazi wa mchezo wa Jumamosi. Chumba chake kilikuwa nyuma kabisa, kati ya jenereta na stoo ya rangi, na ndani yake zilining'inia nguo za watu ambao hawajapata kuzaliwa: joho la hakimu, gwanda la polisi, magauni matatu ya mke wa tajiri, na koti jeupe la daktari lililokwisha kuvaliwa na madaktari wanne, wote wa uongo. Miaka ishirini na miwili alikuwa humo. Jina hilo alipewa kwa sababu hakuweza kuona kifungo kimelegea akanyamaza. Siku moja alimsimamisha mgeni rasmi mlangoni akamshonea kifungo cha shati, mgeni akiwa nalo mwilini, na hotuba ikachelewa.

Koti la Tarishi alilishona yeye mwenyewe. Lilikuwa la bluu, lenye mfuko mkubwa kifuani upande wa kushoto, pale Tarishi alipozoea kuweka ile barua moja ya muhimu, akiipigapiga kwa kiganja kabla ya kubisha hodi. Kiwanda kilichofuma kitambaa chake kilikuwa kimeshafungwa, na kwa miaka tisa jua na sabuni vililipausha koti lile hadi likapata rangi ambayo haipo dukani. Watazamaji walilijua kuliko walivyojua nguo zao. Mwaka mmoja Mama Vifungo alibadilisha kifungo cha mkono wa kulia, basi, kifungo kimoja tu, na watu kumi na mmoja wakaandika kuuliza Tarishi amepatwa na nini.

Basi wanawake wale wakaingizwa chumbani kwake, wakabanana kati ya nguo. Wakamkuta mwanamume ameketi kwenye sanduku, anakunywa chai. Alikuwa ndiye mwigizaji wa Tarishi, mtu mpole aliyekuja kuaga na kuchukua viatu vyake.

"Na wewe ni nani?" akauliza yule mama mnene.

"Ndiye mimi, mama. Tarishi."

Akamtazama kuanzia utosini hadi kwenye kikombe. "Tokea hapa. Usituchezee msiba wetu."

Mwigizaji wa watu akatoka, akaenda kumalizia chai yake kwenye jenereta.

Mama mnene akajieleza. Wote walikuwa wafanyakazi wa dobi moja kubwa inayofua mashuka ya hospitali, na yeye ndiye nyapara wao. Walikuwa na desturi yao pale kazini, haikuandikwa popote: mwenzao akistaafu au akifariki, aproni yake hufumuliwa, kila mmoja akachukua kipande na kukishonea ndani ya aproni yake mwenyewe, upande usioonekana. "Tarishi alikuwa mwenzetu," akasema Nyapara. "Miaka tisa kila Jumamosi tunaye. Tunaomba koti."

Sheria ya studio ilikuwa wazi. Nguo za marehemu zilitakiwa zikae kwenye rafu mwaka mzima, kwa sababu watunzi ni watu wenye tabia ya kujuta. Mama Vifungo aliijua sheria hiyo kwa moyo. Lakini moyo huohuo ulikuwa na donda. Wiki tatu kabla ya wengine, alikuwa amejua kwamba Tarishi atauawa; ni yeye aliyelivisha koti gunia la majani lililotupwa majini, na ni yeye aliyelianika, akalipiga pasi, akalitundika mahali pa wafu. Nyumbani, mume wake, mwashi mstaafu, alimuuliza swali moja tu siku ile ya daraja: "Na wewe ulikuwa unajua?" Aliposema ndiyo, mzee akainuka, akahamishia kiti chake upande wa pili wa sebule, na huko akakaa siku mbili bila neno.

Akaliondoa koti kwenye kitundikio, akalikunja, akawapa. Hakutia saini popote. Wale wanawake walipotoka, mmoja wao, mwembamba, mkimya, aliyekuwa nyuma muda wote, alirudi akamshika mkono, kisha akawafuata wenzake.

Majuma yaliyofuata yalikuwa moto. Msichana wa simu alikaukwa na sauti kwa kuwajibu watazamaji. Mtunzi, ambaye alimuua Tarishi kwa sababu alichoka kumtafutia barua za kupeleka, alikwenda kunyoa, kinyozi alipofika nusu ya kichwa akamtambua, akaweka mashine chini na kumuuliza, "Umemuua kwa nini?" Jibu halikumridhisha, kwa hiyo Mtunzi akaja kazini na nywele za upande mmoja. Mama yake mzazi alikataa kupokea simu zake na kumtumia ujumbe mfupi: *Mimi sikuzaa muuaji.* Wagonjwa wa wodi moja walisusia mchezo wote, wakaigeuzia televisheni mgongo kila Jumamosi, hata waliofungwa mguu juu. Fundi wa pampu za maji alileta mchoro wa kurasa nne kuthibitisha kwamba mto ule, kwa jinsi ulivyoonekana, haumfiki mtu kiunoni, na kwamba mwanamume mzima kufia humo ni aibu kwa taifa.

Ilipotimia wiki ya sita, mwongozaji aliwaita wote. Huyu walimwita Bwana Kimya, kwa kuwa kutwa alishinda akipaza sauti "Kimya!", na hapakuwa na mwenye kelele kumshinda.

"Tarishi anafufuka," akasema. "Ameokolewa na mchoma mkaa huko mtoni chini. Alipoteza kumbukumbu."

"Kama kawaida yao," akanong'ona mpiga picha.

"Tunapiga Jumatatu ijayo, inaonyeshwa Jumamosi yake. Leo jioni tunatangaza. Mama Vifungo, koti lipo?"

"Lipo," akasema Mama Vifungo. Ulimi ulikuwa umefika kabla ya akili.

"Lile lile? Maana likibadilika hata uzi, tumekwisha, na aliyelibadilisha amekwisha kabla yetu. Nimeshaambiwa, wakubwa wanatafuta mtu wa kupunguza kazini."

"Lile lile."

Njia ya mwongo ni fupi, na ya Mama Vifungo ilikuwa na urefu wa siku saba. Alirudi chumbani, akaketi kwenye sanduku, akashika tama. Aliogopa, si kidogo. Alikuwa na umri ambao mtu hapewi kazi nyingine, na chumba kile chenye harufu ya rangi na mashine yake ya kushonea karibu na dirisha alikipenda kuliko sebule yake. Akajipa dakika kumi za kuogopa. Zilipokwisha akatafuta mkasi mdogo wa kufumulia, na kesho yake akaenda dobi.

Dobi ilikuwa banda refu lenye mvuke hadi darini. Upande mmoja mashine zilizungusha mashuka kwa kishindo, upande mwingine meza za pasi zilijipanga hadi ukutani. Nyapara alipomwona akapiga kengele ya mapumziko kabla ya wakati wake.

"Shoga zangu," akasema Mama Vifungo, "nimekuja na habari njema na ombi baya."

Walikuwa wamekwisha kuisikia habari njema kwenye tangazo la jioni. Wengine wakapiga vigelegele upya. Mmoja alijitupa kwenye rundo la mashuka safi, ikabidi yafuliwe tena. Lakini palikuwa na mama mmoja wa mashine ya kukamulia aliyesimama mikono kiunoni. "Mimi nimelia mpaka nikalazwa," akasema. "Leo mnaniambia mtu alikuwa anakula viazi kwa mchoma mkaa? Hata kusalimia asitume?"

"Alipoteza kumbukumbu, dada."

"Na mimi nilipoteza sauti. Nani atanirudishia?"

Mama Vifungo akataja ombi lake: alihitaji vipande vyote vya koti. Kisha Nyapara akaigeuza aproni yake ndani nje, na hapo, juu ya mshipi, palikuwa na kola ya Tarishi, imeshonwa kwa mkono, vizuri sana. "Fumua," akasema. "Nilimzika, sasa namfukua. Dunia ina mambo."

Bahati ya Mama Vifungo ni kwamba wanawake wale waliijua nguo. Hawakukata ovyo; walifumua kwenye mishono, na kile kilichokuwa kipana, mgongo na mbele, ndicho walichogawa kwa mkasi, kwa mstari ulionyooka. Aproni zikageuzwa moja baada ya nyingine. Hapa mkono wa kulia, pale nusu ya mgongo, kwingine kifuniko cha mfuko wa chini na vifungo viwili. Yule mwenye hasira alikuwa wa mwisho kugeuza yake, na alipotoa kipande chake akakibusu kwanza, kisha akamwonya Mama Vifungo asimwambie mtu.

Vipande kumi na vitatu. Mama Vifungo akavipanga juu ya meza ya pasi, na mtu akaanza kuonekana amelala chali, bila kichwa. Kifuani, upande wa kushoto, palikuwa na tundu.

"Mfuko," akasema.

Wakatazamana. "Huo anao Mpiga Pasi," akasema Nyapara. "Ametoka mapema leo. Nenda kwake, si mbali. Ila, dada, nenda polepole."

Mpiga Pasi alikuwa yule mwembamba aliyemshika mkono. Alikaa vyumba viwili juu ya duka la vyuma, ngazi zikipita nje. Alikuwa akipanga nguo za watoto kabatini, na binti yake mdogo, wa miaka sita hivi, alikuwa chini anachora. Alimkaribisha mgeni, akampa kiti kilichokuwa kizuri, akabaki amesimama.

"Najua ulilolifuata," akasema. "Siwezi, dada yangu. Nisamehe."

Mama Vifungo akauweka mkasi mapajani. Akamweleza kuhusu Jumatatu, kuhusu Bwana Kimya, kuhusu kupunguzwa. Hakuficha kitu, hata uongo wake. Mpiga Pasi alisikiliza yote. Kisha akamtuma mtoto aende kumwangalia jirani kama amerudi sokoni, na mlango ulipofungwa, akasema:

"Mume wangu alikuwa dereva wa lori. Alifia safarini, mwaka juzi. Simu ilipigwa nikiwa kwenye zamu, pasi mkononi. Siku ya nne nilikuwa nimerudi kazini, maana watoto watatu hawali kilio. Sikulia, unanisikia? Watu walinisifu, eti mwanamke jasiri. Halafu Tarishi akaanguka na daraja, nikaangua kilio hapa hapa nilipo, mpaka watoto wakaogopa, wakaja wakanikumbatia, tukalia wote wanne. Na hakuna aliyemtaja Tarishi. Tulikuwa tunamlilia baba yao. Ndiyo siku niliyomzika."

Akafungua droo ya kabati. Mfuko wa bluu ulikuwa umelala juu ya leseni ya udereva, umekunjwa vizuri.

"Jana jioni wametangaza kwamba Tarishi anarudi. Huyu mdogo amekaa, akafikiri, akaniuliza: 'Na baba atarudi lini?'" Akaifunga droo kwa kiganja. "Nikikupa mfuko, nimwambie nini?"

Mama Vifungo alitaka sana ule mfuko. Bila mfuko hakuna koti, na bila koti hakuna yeye. Akaitazama ile droo ya kabati, kisha akainuka.

"Usinipe," akasema. "Na mtu akija kuuliza, hata mimi mwenyewe, usinipe."

Jumamosi na Jumapili alishona nyumbani, mlango wazi ili mwanga uingie. Mzee wake alirudisha kiti chake mahali pake pa zamani, akajitolea kutunga uzi kwenye sindano, kwa kuwa macho yake yalikuwa bado makali. "Haya ni kama matofali," akasema, akiona mishono inavyopandana. "Ukuta uliobomolewa ukijengwa upya, nyufa huwa zinaonekana. Lakini unasimama." Lile tundu la kifuani Mama Vifungo alilitafutia kiraka kwenye sanduku la mabaki, akakipata kwenye suruali ya kahawia ya mwizi wa msimu wa kwanza, ambaye alikufa bila hata mtu mmoja kupiga simu.

Jumatatu Bwana Kimya alilishika koti kwa ncha za vidole viwili, na kwa mara ya kwanza katika historia ya studio akakosa sauti. Ilipomrudia, ilisikika hadi langoni.

"Hili ni nini? Hili ni lile lile?"

"Ni lile lile," akasema Mama Vifungo, akipiga moyo konde. "Niliwapa watu wakaligawana. Nimelikusanya. Kipande kimoja hakipatikani na sitakwenda kukitafuta. Ukinifukuza, nifukuze, ila mwigizaji alivae kwanza nione mabega yamekaaje."

Mwigizaji akalivaa. Mishono ilimpita mgongoni kama mito kwenye ramani, na kifuani kikakaa kile kiraka cha kahawia. Watu walinyamaza bila kuambiwa. Ni Mtunzi aliyesogea, nywele zake zikiwa zimeshalingana, akalizunguka koti mara mbili, akacheka peke yake.

"Bwana Kimya," akasema, "mtu amechukuliwa na maji, amepigwa na miamba kilomita tatu, na wewe ulitaka atokee amepigwa pasi? Mchoma mkaa ana mke. Mke ana sindano. Nipe nusu saa niandike."

Bwana Kimya akamtazama Mtunzi, akalitazama koti, akamtazama Mama Vifungo. "Nusu saa," akanguruma. "Na wewe, Mama Vifungo, mwaka huu mzima ukitaka kumpa mtu hata soksi, uje unione." Hakuna aliyetaja tena kupunguzwa. Mama Vifungo alirudi chumbani kwake, akafunga mlango, akakumbatia joho la hakimu na kulia kwa furaha, kisha akaona kifungo chake kimelegea akakishona.

Ijumaa Nyapara alimletea ujumbe langoni: Mpiga Pasi anasema, kama hana kazi, aje atazame pamoja nao. Jumamosi akaenda, na mzee wake akamfuata, akidai anaangalia ngazi zile kama zimejengwa sawasawa.

Walibanana kwenye kochi moja, na watoto chini. Kijana mkubwa alikuwa ameshikilia waya wa antena dirishani. Muziki ukapiga. Ikaonekana njia ya vumbi, mtu anakuja kwa miguu, polepole, hana baiskeli. Mtaani kukalipuka kelele, nyumba kwa nyumba, hata kwenye duka la vyuma chini likagongwa debe. Tarishi akafika mlango wa kwanza. Akainua kiganja kuupigapiga mfuko, kama miaka yote, kiganja kikatua kwenye kiraka. Akasimama hivyo kidogo. Kisha akabisha hodi.

"Mama," akasema mtoto mdogo, "mfuko wake hauko."

Mpiga Pasi aliinuka, akafungua droo, akarudi na kile kipande cha bluu, akamwekea mtoto mapajani. "Uko huku," akasema. "Yule amerudi kwa sababu ni wa kwenye televisheni. Watu walipiga simu, wakaandika barua, waliomtunga wakamrudisha. Huu umebaki kwetu."

Mtoto akaingiza mkono ndani ya mfuko, akautoa, akauingiza tena.

"Na baba hatarudi?"

"Hatarudi, mwanangu."

"Hata tukiandika barua?"

"Hata tukiandika."

"Hata tukiandika sote? Na watu wa dobi?"

"Hata wao wote," akasema Mpiga Pasi. Machozi yalimtoka, na safari hii hakuyaficha wala hakuyaharakisha, na watoto wale wawili wakubwa walisogea wakamwegemea miguuni. Mzee mwashi aliangalia dari kwa makini sana.

Mtoto aliufikiria ule mfuko. Akaukunja vizuri kama alivyoukuta, akapanda kwenye mapaja ya mama yake, akajifuta pua kwa mkono wa gauni.

"Basi ongeza sauti," akasema. "Hatusikii anavyosema."